Uvimbe Tuliouita Mjukuu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mavyaa wangu aliingia chumbani na bakuli la uji wa pilipili manga, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia niunywe wote kwa sababu hakunipikia mimi. Alimpikia mjukuu wake. Mimi nilikuwa njia tu ya kuufikisha. Nikaunywa, maana uji wa Bi Mwanaidi haukuwa wa kukataliwa, na mimi tangu utoto sijapata huzuni ya kunizuia kula.

Nakusimulia haya kwa sababu nimeona mtindo wenu. Huja hapa kwangu Dunda mabinti wa kila namna, wameniletea mkate wa kumimina. Wataanza na bei ya nazi, waende kwenye harusi ya fulani, wazunguke wee, mpaka wakati wa kuaga ndipo mmoja aniinamie sikioni aseme, "Bibi, wameniambia nina uvimbe kwenye kizazi." Anasema kwa kunong'ona, utadhani ameiba kuku. Nami hucheka kwanza. Si kicheko cha dharau, ni kicheko cha mtu aliyeulizwa habari za nyumba aliyokaa mwenyewe. Kisha humwambia aketi tena, avue viatu, maana habari yangu ina eda ndani yake, na eda haielezwi kwa kusimama.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Mume wangu, Salehe, alikuwa akinunua mbata ya nazi kavu kwenye mashamba ya pwani mpaka Pangani, akiiuza Dar es Salaam. Safari moja homa ikamshika huko Pangani, na habari ilipotufikia alikuwa amekwisha zikwa. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa, na mtoto hatujapata. Alikuwa mtu mpole, msahaulifu wa kofia, kila nyumba aliyoingia aliiacha huko, nami nilimpenda pamoja na kofia zake zote zilizopotea. Kwa mamake, Bi Mwanaidi, alikuwa zaidi ya hapo. Ndiye mtoto wake wa pekee.

Basi nikakaa eda nyumbani kwa mavyaa huyo, katika mji mkongwe wa Bagamoyo, kwenye chumba kinachotazama uani. Eda unaijua. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajifukizi udi, hapaki hina, hatoki ila kwa dharura. Lakini akiwa mjamzito, hesabu hiyo huachwa, na eda yake humalizika siku atakayojifungua. Lishike hilo la mwisho, kwani ndilo lililonifungia mlango.

Eda yangu ilikuwa imefika kati hivi. Jirani yetu, Bi Chausiku, alizoea kuja kunikanda miguu na mgongo, kwa kuwa kukaa nako huchosha. Siku hiyo mkono wake ukapita chini ya kitovu, ukasimama. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akapiga kigelegele, kikamkatikia kooni alipokumbuka kwamba nyumba ina msiba, akabaki na mdomo wazi. Tumbo langu lilikuwa gumu, limeinuka, kitu cha duara kimekaa humo ndani. Bi Mwanaidi akaja mbio, akaweka kiganja chake, akalia. Kilio hicho hakikuwa cha kufiwa. Alikuwa akimshukuru Mungu kwamba mwanawe hakuondoka bila kumwachia kitu.

Nisikufiche, na mimi nilifurahi. Nilikuwa kijana, nimefiwa, nataka mtoto. Na ishara zote zilikuwepo. Nilikwenda msalani kila mara. Nikiinuka, kichwa kilizunguka. Halafu nilipatwa na hamu ya udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni, nikawa nautafuna mchana kutwa, na ukiisha nachota mchele mbichi jikoni. Wanawake walionijia kunipa pole wakanitania kwamba mtoto huyo atazaliwa fundi wa kujenga, maana keshaanza kukusanya udongo.

Jambo moja tu halikukaa sawa, nalo lilikuwa damu. Tangu ubinti wangu hedhi yangu ilikuwa nzito, ya mabonge, inakaa siku nyingi, na ikiondoka haikawii kurudi, hata nikawa sijui vyema lini nisali na lini niache. Hakuna aliyejua. Nilipovunja ungo, somo wangu, yule kungwi aliyenifunda, alinifundisha kukunja vitambaa vyangu, kuvifua alfajiri kabla nyumba haijaamka, na kuvianika chini ya kanga ili mpita njia asivione. Nikawa hodari wa jambo hilo. Ungepita uani kwetu ungeona doti ya kanga safi inapepea, ungesifu usafi wa mke wa Salehe, ukaenda zako.

Nilijikaza nikamwambia mavyaa, kwa kuzunguka kama mnavyozunguka nyinyi na bei zenu za nazi. Hakunipuuza. Alimtuma mtu kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaulize kama mjamzito huweza kuona damu. Mwalimu akajibu kwamba katika madhehebu yetu huweza. Akaulizwa, na mimba yaweza kukaa tumboni muda gani? Akajibu kwamba vitabuni imeandikwa hata miaka minne. Mwalimu hakukosea. Alijibu alichoulizwa. Hakuna aliyemwuliza kama mimi nina mimba, na hata angeulizwa, hayo si ya kusomwa kwenye kitabu cha fikihi.

Miezi minne na siku kumi ikatimia, ikapita. Mjane wa mtaa wa pili, aliyefiwa siku moja na mimi, akatolewa eda, akaogeshwa, akavaa kanga mpya, akaja kunitembelea ananukia asumini. Mimi nikabaki. Miezi ya kuzaa ikafika, ikapita nayo. Tumbo halikushuka wala halikuzaa. Ndipo wakubwa wakakubaliana kwamba mimba imelala mgongoni. Zamani hilo lilikuwa jambo la kusadikika kabisa. Mtoto hushtuka kwa msiba au kwa jicho la mtu, akajibanza mgongoni mwa mamake, akalala, mpaka apatikane wa kumwamsha. Akaletwa mzee mmoja kutoka Fukayosi na mizizi ya kuamsha. Nikanywa, nikaharisha siku mbili, na mtoto hakuamka.

Bi Mwanaidi hakukata tamaa. Kila asubuhi alikuja na uji, akakaa, akalisemesha tumbo langu. Alilieleza habari za mtaa, nani kaoa, nani kagombana, kisha akaliambia baba yako alikuwa mtoto mtulivu, lakini si mtulivu kiasi hiki, amka basi. Nami nilimpenda hata nikaona haya kumwambia ninavyojisikia. Nilikuwa nakwisha, mwanangu. Kutoka chumbani mpaka msalani nilipumzika njiani. Moyo ulinidunda kama mtu anayetwanga kisamvu. Na kila nilipofikiri ile miaka minne, niliona nitatolewa eda nikiwa na mvi, au nitatolewa kwenye jeneza.

Sasa aje somo wangu. Bi Tatu alikuwa mtu wa Zinga, mwembamba, mtafuna tambuu, mwenye macho madogo yasiyokosa kitu. Wakati wote huo alikuwa kwa binti yake bara, akiuguza. Aliporudi akasikia mwari wake bado yumo edani, akapanda lori la mihogo, akateremka Bagamoyo na mzigo wa ukindu kichwani, akaingia bila kubisha sana. Akatukuta wanawake tumekaa uani juu ya mkeka mmoja, kila mtu akisuka ukili wake, mimi nimeegemea ukuta na kipande cha udongo shavuni. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, lakini hakuketi. Alikuja akanivuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama. Akanitazama kucha, na ulimi. Ndipo akaketi akaomba kahawa.

Alipokwisha kunywa akauliza, kwa sauti ya kuuliza bei, huyu mjukuu huwa anacheza? Akajibiwa amelala. Akauliza, na kabla ya kulala alicheza? Watu wakatazamana. Nikasema hapana, sijamsikia hata siku moja. Bi Tatu akatema tambuu yake pembeni, akafuta mdomo, akasema maneno ambayo sijasikia mtu mzima akiyasema mbele za watu mpaka siku ile.

"Naanza na mimi mwenyewe," akasema. "Miaka yote niliyokuwa nikizaa nilitokwa na damu ya mabonge, na nikijibonyeza hapa nilikuta kitu kigumu. Nimezeeka nacho. Sikumwambia mtu. Haya, nani mwingine? Na asiyesema asininyooshee kikombe cha kahawa tena."

Vidole vya watu vilisimama juu ya ukindu. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Chausiku, yule yule wa kigelegele. Akasema mkunga alimwambia, siku aliyomzaa kitindamimba wake, kwamba ana uvimbe kwenye ukuta wa kizazi, na watoto wake wote wamezaliwa wakiwa jirani nao. Akacheka kwa aibu. Akafuatia Zainabu, mke wa fundi cherehani, mdogo kuliko sisi sote. Mimba zake zilikuwa zimetoka mara mbili, na mtaa ulisema ana jini. Akasema daktari alikwisha mweleza kwamba ni uvimbe, lakini aliona jini lina heshima zaidi kuliko uvimbe, maana jini watu huliogopa. Hapo tukacheka sote mpaka Zainabu mwenyewe akalia. Mwingine akasema aliachwa na mume kwa jambo hilo. Mwingine hakuwa na uhakika, ila alikuwa na damu kama yangu, na alidhani ndivyo wanawake wote walivyo.

Niliduwaa, mwanangu. Wanawake wale walikaa mkeka mmoja miaka nenda rudi. Kila mmoja alijua mchuzi wa mwenziwe unapungukiwa nini, alijua mume wa nani anakoroma. Na hili lilikuwa tumboni mwa wengi wao, na kila mmoja alidhani ni lake peke yake. Nilipokuwa nikiwasikiliza nilihisi woga wangu unapungua, hata kabla sijajua nina nini.

Bi Tatu akanigeukia. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka.

"Mwajuma, mimi ndiye niliyekufunda kuanika vitambaa chini ya kanga, na nilikufunda vyema, kwa sababu macho ya watu ni mengi. Lakini somo langu lilikuwa nusu. Kanga ile ni ya kumzuia mpita njia. Si ya kumzuia mamako, wala mimi, wala daktari. Waliosema mficha uchi hazai hawakutunga wimbo wa kuchezea ngoma. Leo nakufunda nusu iliyobaki."

Mavyaa wangu akainuka. Alikuwa amekasirika, ukili wake umeanguka chini. Akasema wamekuja nyumbani kwake kumwulia mjukuu kwa maneno. Sikupata kumwona vile kabla ya siku ile, na ilinichoma, kwa sababu nilijua hana kitu kingine duniani anachokingoja.

Bi Tatu hakusimama. Akamwambia, "Dada yangu, kama ni mtoto, akipimwa leo, na kesho atakuwepo. Hospitali haiogopwi na mtoto. Lakini huyu msichana nimemtazama macho, hayana damu. Ukimzika yeye, huyo mjukuu atatokea wapi?"

Bi Mwanaidi aliinama akauokota ukili wake. Kisha akaenda mwenyewe kwa mwalimu wa chuo. Safari hii aliuliza swali lililohusika, yaani kama mgonjwa aliye edani aweza kutoka kwenda kutibiwa. Mwalimu akasema maradhi ni dharura, atolewe leo hii, na laiti angeulizwa mapema angesema mapema.

Nikapelekwa hospitali. Mkunga, mama mnene mwenye mikono ya joto, aliweka tumboni kwangu kile kipembe cha mbao cha kusikilizia watoto, akaweka sikio. Akahamisha. Akahamisha tena. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama pale, kaziba pumzi, utafikiri akipumua ataukosesha ule mlio. Mkunga akainua kichwa, akamtazama yeye, si mimi, akasema kwa upole kwamba hasikii mtu humu. Akamwita daktari, daktari akanipima, akasema niende Dar es Salaam, na nisikawie.

Bi Mwanaidi akasema atakwenda nami. Akafunga mzigo wake, na ndani yake akaweka kanga laini za mtoto na kofia ndogo aliyoifuma. Hakuna aliyemwambia aziache. Ikiwa ni mtoto, alisema, ampokee; na ikiwa si mtoto, aone kwa macho yake.

Huko Dar nikaongezwa damu kwanza, ya kaka zangu wawili, na mmoja wao mpaka leo tukigombana huniambia nimrudishie damu yake. Nilipopata nguvu nikapasuliwa. Daktari alitueleza yote kabla, kwa Kiswahili cha taratibu, na akatueleza tena baadaye. Alisema huu ni uvimbe unaoota katika nyama ya kizazi chenyewe. Alisema wanawake walio katika umri wa kuzaa wanao kwa wingi sana, wengi kuliko wanavyodhani, na walio wengi huishi nao bila kujua, haudai kitu. Wengine ndio hutokwa na damu, au huumwa, au hukawia kupata mtoto. Kwa nini huyu na si yule, alisema hajui, na nilimpenda kwa kusema hajui. Alilojua ni kwamba si jini wala si jicho, na mara nyingi sana si lile donda baya la saratani linaloua. Ule udongo niliokuwa nautafuna, alisema, ni mwili uliopungukiwa damu uliokuwa ukiomba msaada kwa lugha ya ajabu.

Alitoa uvimbe mkubwa mmoja, wa kadiri ya dafu changa, na midogo kadhaa. Kizazi alikiacha mahali pake.

Niliyoyasikia baadaye kwa muuguzi ni kwamba mavyaa aliomba kuuona. Wakamletea katika bakuli. Akautazama, akauliza kama haukuwa na moyo. Wakamwambia hapana mama, ni nyama tupu, haukupata kuwa mtu. Akauliza tena. Wakamjibu tena.

Nilipozinduka vizuri nilimkuta ameketi karibu na kitanda changu, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Nilidhani atanililia mjukuu. Nikaanza kumwomba radhi, mimi niliyepasuliwa, kwa kutomzalia. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Sikiliza," akasema. "Baada ya Salehe nilibeba mwingine. Tumbo liliinuka kama lako, na damu zikaja kama zako. Wakaniambia amelala mgongoni. Nilimpa jina, nikamwita Sudi. Nikamtafutia waganga mpaka Pangani, na hakuna aliyemwamsha. Nilipokoma hedhi tumbo likanywea lenyewe, nikasema basi, mwanangu amefia ndani kwa sababu mimi mamake sikujua kumtoa. Miaka yote hii, Mwajuma, nikiamka namwomba msamaha mtoto yule."

Huko wodini mtu alikuwa akikohoa, na muuguzi akipita na sinia la vidonge.

"Kumbe hakuwa mtoto," akasema. "Kumbe sikumwua mtu."

Akalia, mwanangu, akalia kwa sauti, mbele ya wodi nzima, na mimi na mshono wangu sikuweza hata kumkumbatia, nikamshika ncha ya kanga tu. Alipokwisha akafuta uso, akasema wauguzi wa Dar hawajui kutandika, akaanza kunitandikia kitanda upya nami nikiwa juu yake.

Tuliporudi Bagamoyo mwalimu wa chuo akapiga hesabu, akasema kwa kuwa mimba haikuwepo, eda yangu ilikuwa imekwisha siku ile ile ya miezi minne na siku kumi. Nilikuwa mtu huru muda wote ule, nimefungwa na kitu tusichokijua jina. Bi Mwanaidi akaniogesha kwa mikono yake, akanivika kanga mpya, akanifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Na alipokuja mtu kuniposa, miaka miwili baadaye, ni yeye aliyekaa ukumbini kama mamangu, akamhoji yule bwana kwa ukali hata nikaogopa atakimbia. Hakukimbia. Nimezaa naye watoto wawili, wa pili akiwa na jirani mdogo humo tumboni, maana uvimbe uliota tena kidogo. Haukunisumbua, nami sikuusumbua.

Na huyo Bi Mwanaidi, ungemwona! Hakukuwa na bibi harusi mtaani kwetu ambaye hakumwuliza habari za damu yake. Alimwuliza waziwazi, huku akichagua mchele. Mabinti wengine walibadilisha njia wakimwona anakuja. Lakini ninawajua walio hai leo kwa sababu hawakuweza kumkwepa.

Sasa wewe, mwanangu, nisikilize. Ulilo nalo si lako peke yako. Ukipanga foleni ya maji, ukikaa harusini, ukisali jamaa nyuma ya imamu, jua kwamba miongoni mwa wanawake walio pembeni yako wamo wengi wenye jambo hilo hilo, na wengine hawajui hata kama wanalo. Kwa hiyo usiinamishe kichwa. Usidhani umerogwa, usidhani umelaaniwa, na usikubali mtu akwambie hutazaa kwa sababu hiyo tu, maana Bi Chausiku alizaa watoto hata majina yakamwishia. Wala si kila uvimbe hupasuliwa. Daktari atautazama, na pengine atakwambia auache, na umri ukienda, hedhi ikikoma, nao huwa unanywea.

Lakini damu ikiwa nyingi, ikiwa ya mabonge, ikikufanya uone kizunguzungu, au ukajikuta unatafuna udongo na mchele mbichi, usingoje. Tumbo likiinuka, usilipe jina kabla hujalipima. Mganga wa mizizi atakuja na maelezo matamu, lakini kipembe cha mkunga hakina maneno mengi. Nenda, ulize, uelezwe, na usipoelewa uliza tena kama alivyouliza Bi Mwanaidi.

Na zaidi ya yote, sema. Mwambie mamako. Mwambie mumeo, naye akiwa mume atasikia. Mwambie dada yako mdogo anayefua vitambaa vyake alfajiri akidhani yuko peke yake duniani. Bi Mwanaidi aliomba msamaha nusu ya umri wake kwa mtoto ambaye hakuwepo, na jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa na neno la kumtua mzigo huo, ila hawakuambizana. Mficha maradhi kifo humwumbua, ndivyo tunavyosema, na wengine hawafi, hubaki tu na mzigo usio wao.

Haya, vaa viatu vyako, jua linashuka na kwenu wanakungoja. Mwenyezi Mungu akupe mwili wenye nguvu na damu ya kukutosha. Akupe daktari mwenye subira, mume mwenye sikio, na mavyaa kama wangu. Akujaalie watoto kama amekuandikia, na kama hakukuandikia, akujaze moyo usiopungukiwa. Na siku mwanamke mwenzio atakapokuinamia sikioni kukunong'onezea, Mungu akujaalie umjibu kwa sauti ya kawaida, ili ajue hakuna aibu. Amina, mwanangu, amina.